Mwiteni Fundi Kabla ya Kupima Kiwanja

Kuta za Kiwanda cha Viatu cha Morogoro zilikuwa za alumini, na jengo halikuwekewa mfumo wa kupitisha hewa. Aliyewahi kuwa Morogoro saa nane mchana mwezi wa Januari hahitaji mhandisi wa kumfafanulia maana yake. Kiwanda hicho kilijengwa kwa fedha za Benki ya Dunia zilizoidhinishwa miaka ya 1970, kikakusudiwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka: nchi nzima ivae, na jozi nyingi zaidi zivuke bahari kwenda Ulaya. Hakikuwahi kufikia hata asilimia 5 ya uwezo huo. Mwaka 1990 uzalishaji ukakoma. Mwanauchumi William Easterly alikiingiza katika kitabu chake cha mwaka 2001 kuwa mfano wa uwekezaji usiozaa, na tangu hapo wanafunzi wa uchumi wa vyuo vya mbali wanaijua Morogoro kwa viatu ambavyo havikushonwa.

Kisa hiki husimuliwa kama kisa cha wafadhili na urasimu. Mimi nakisoma kama kisa cha matengenezo. Ngozi, gundi, mota za mashine, watu wanaosimama zamu nzima mbele ya mashine hizo: vyote vinaishi ndani ya joto la jengo. Aliyechora ukuta wa alumini aliamua pia, pengine bila kufikiri, kwamba mitambo itafanya kazi ikiwa moto na fundi ataifungua akiwa amelowa jasho. Fundi mzoefu angeutazama mchoro ule kwa dakika tano na kuuliza hewa itapita wapi. Lakini katika nchi yetu fundi huajiriwa jengo likishaezekwa.

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Tunazungumzia uchaguzi wa eneo la kiwanda kana kwamba ni kazi ya wachumi, wanasheria na wapima ardhi, na matengenezo kana kwamba ni shughuli ya watu wa ovaroli itakayoanza miaka kadhaa baadaye. Hizo ni kazi moja. Siku kiwanja kinapochaguliwa ndiyo siku inapoamuliwa mabomba yataliwa na kutu kwa kasi gani, kipuri kitasafiri siku ngapi, na fundi mzuri atakubali kuhamia hapo na watoto wake au ataacha kazi baada ya mwaka mmoja. Wanaokaa mezani siku hiyo hawatashika spana kamwe.

Tuanze na mkonge, kwa sababu mkonge hauna siasa. Daktari Richard Hindorf aliuleta kwenye pwani hii mwaka 1893, na kati ya miche elfu moja aliyoagiza kutoka Florida, 62 ndiyo iliyofika hai na kupandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Mashamba makubwa yaliyofuata yalijifunza hesabu haraka: katika kila kilo 100 za majani, singa ni kilo 4 hivi, na zilizobaki ni maji na makapi. Hakuna mwenye akili atakayesafirisha kilo 96 za makapi ili apate kilo 4 za mali. Kwa hiyo korona, mashine ya kukwangua singa, ikawekwa katikati ya shamba, karibu na mto, na reli nyembamba za kusukumia vitoroli zikatandazwa kuielekea. Ukipita leo Tanga, Hale hadi Korogwe, ramani ya majengo yale bado inaonyesha hesabu hiyo.

Hata hivyo hesabu ilifanywa nusu. Walijua jani litatoka wapi, hawakujali makapi yataenda wapi, na kwa miongo mingi yakaishia kurundikwa na kutiririkia mitoni. Ilibidi tufike mwaka 2007 ndipo mtambo wa kuzalisha gesi na umeme kutokana na makapi hayo uanze kazi katika shamba la Hale. Zaidi ya karne moja tangu miche ya Hindorf! Anayechagua eneo huulizia malighafi, barabara, umeme na maji. Swali la taka hubaki ukurasa wa mwisho, na siku hizi hujibiwa kwa haraka ili cheti cha mazingira kitoke.

Miwa ni mikali zaidi ya mkonge. Ikishakatwa, sukari iliyomo huanza kupungua, na kinachotakiwa ni isagwe ndani ya siku moja au mbili. Inahitajika takriban tani 10 za miwa kupata tani moja ya sukari. Kwa hiyo kiwanda hakina hiari, lazima kikae shambani, kama kilivyofanya Kilombero, na kama kilivyofanya Mumias upande wa Kenya mwaka 1973. Tazama sasa maana yake kwa fundi. Kinu kikisimama kwa sababu ya beringi moja, hasara haibaki ndani ya ukuta. Matrekta yanapanga foleni getini, miwa inakauka juu ya matela, na mkulima wa nje, ambaye hajawahi kuiona beringi hiyo wala hatawahi kuiona, anapunguziwa malipo ya mwaka. Mumias ilipoanza kuyumba, waliolia kwanza walikuwa wakulima wenye miwa iliyopitiliza shambani. Matengenezo ya kiwanda cha aina hii ni jambo la kijiji kizima, na sijui kwa nini ripoti za ushirika wa wakulima huzungumzia bei tu na kamwe haziulizi saa ambazo kinu kilisimama.

Kiwanda cha mbolea cha Tanga ni kisa kinachonisumbua kuliko vyote. Kilianza kazi mwaka 1972. Malighafi zake kubwa zilitoka ng'ambo kwa meli, na hii ndiyo sababu iliyotolewa ya kukiweka pwani. Kwa juu juu hoja inasimama. Ukiigeuza unaona matundu. Bandari ya Tanga wakati huo, na kwa miaka mingi baadaye hadi ilipochimbwa na kupanuliwa juzijuzi, haikuwa na kina cha kuruhusu meli kubwa kutia gati. Mzigo ulishushwa kwenye matishari katikati ya maji, kisha tishari likavutwa nchi kavu, mzigo ukapakuliwa mara ya pili. Mbolea ikishapatikana, mnunuzi wake mkubwa ni mkulima wa mahindi wa Iringa, Mbeya na Ruvuma, yaani pembe ya pili ya nchi. Na kiwanda chenyewe kilitengeneza asidi, kando ya bahari, kwenye upepo wa chumvi. Asidi ndani ya bomba, chumvi nje ya bomba. Mtu wa matengenezo angesema papo hapo kwamba eneo hilo litahitaji rangi, vali, pampu na mabati mapya mara nyingi kuliko eneo la bara, na vingi vya hivyo vitalipiwa kwa fedha za kigeni. Miaka ya mwanzo ya 1980 fedha za kigeni ndizo hazikuwepo. Mwaka 1991 kiwanda kikafungwa. Fosfeti yetu wenyewe, malighafi ya mbolea iliyoko Minjingu huko Manyara, ilianza kuchimbwa mwaka 1983, bara kabisa.

Msomaji atanipinga kwa kuutaja Mwatex, na atakuwa na haki. Kiwanda kile cha nguo kilijengwa Mwanza, pamba iko jirani, maji ya ziwa yako jirani, wafanyakazi wapo. Mahali pazuri kuliko hapo pa kufumia pamba ni wapi? Na bado kilidorora. Urafiki, nao wa nguo, uliojengwa Ubungo kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968, uko mbali na mashamba ya pamba, ukatumia mashine nyepesi kueleweka na mikono mingi zaidi, na miaka ya mwanzo ulijitahidi. Mahali pazuri hapaokoi kiwanda ambacho mashine zake zinawashinda wanaozitunza. Nakubali. Ndiyo maana sisemi eneo ni kila kitu. Nasema eneo na mtambo na fundi vichaguliwe kwa pamoja, na atakayevitunza awepo.

Kuna jambo lingine ambalo halionekani kwenye upembuzi yakinifu: makazi. Kiwanda cha karatasi cha Mgololo, wilayani Mufindi, kilianza mwaka 1985 kikiwa na uwezo wa tani 60,000 kwa mwaka. Misonobari ya Sao Hill iko karibu na reli ya TAZARA inapita jirani. Kwa karatasi ya mchumi, pamependeza. Lakini kiwanda kilichojengwa msituni hulazimika kuwa mji: shule, zahanati, maji ya kunywa, duka, mpira wa Jumapili. Fundi wa kupanga shafti kwa usahihi, au wa mifumo ya kuendesha mitambo kwa kompyuta, ni mtu anayetafutwa kila mahali. Mkewe ni mwalimu au muuguzi, naye anataka kazi. Mtoto anaingia kidato cha kwanza. Ukiniuliza kwa nini viwanda vya mbali hupoteza mafundi wao bora, sitaanza na mshahara. Nitaanza na shule. Nyumba nzuri ya fundi ni sehemu ya mtambo, nayo ingepaswa kuandikwa kwenye mkataba wa ujenzi, si kusubiri faida.

Halafu eneo lina tabia ya kubadilika ukiwa umelala. Wazo Hill ilipoanza kutoa saruji mwaka 1966, mawe ya chokaa yalikuwa chini ya miguu na soko la Dar es Salaam halikuwa mbali. Gesi ya Songo Songo ilipofika jijini mwaka 2004, tanuru likapata nishati ya karibu. Ni vigumu kulilaumu chaguo lile. Lakini mji ukakifuata kiwanda. Nyumba zikasogea hadi ndani ya eneo la machimbo, na mgogoro wa Chasimba ukaenda mahakamani na kuvuta miaka mingi. Mpaka wa kiwanda nao unahitaji matengenezo kama pampu: ukaguliwe, upandwe miti, uwekwe mawe, ulipiwe kodi, viongozi wa mtaa wajulishwe kila mwaka wapi baruti italipuliwa. Kiwanda cha saruji cha Bamburi, Mombasa, kilichoanza mwaka 1954, kiliyapa machimbo yake kazi ya pili. Kuanzia 1971 René Haller alipanda mivinje kwenye jiwe tupu, kisha akaleta majongoo wale majani yake na kuyageuza udongo. Leo watu wanalipa kiingilio kutembea ndani ya shimo lililochimbwa mawe ya saruji. Sijui kiwanda kingine katika ukanda wetu kilichotumia jongoo kama mfanyakazi.

Sasa tuingie ndani ya geti.

Tanuru la saruji ni bomba la chuma lenye urefu wa makumi ya mita, limepangwa matofali ya kuhimili moto kwa ndani, na linazunguka polepole usiku na mchana. Mawe yaliyomo hufikia nyuzi joto zipatazo 1,450. Umeme ukikatika ghafla, mwali unazimika na bomba linasimama, lakini joto haliondoki. Upande wa chini unabeba uzito na moto, upande wa juu unapoa, na chuma huanza kupinda. Mvua ikinyesha wakati huo, mambo yanakuwa mabaya zaidi. Kwa hiyo kila tanuru lina mota ya akiba, mara nyingi injini ya dizeli, ambayo kazi yake ni kuligeuza kidogo kidogo mpaka lipoe. Injini hiyo inaweza kukaa miezi bila kuguswa. Siku ya siku, msimamizi wa zamu anapiga swichi, na inategemea kama kuna mtu alichaji betri.

Betri. Mtambo wa mabilioni ya shilingi unalindwa na kitu ambacho dereva wa daladala hununua dukani. Niliwahi kumsikia meneja mmoja akijisifu kwamba kiwanda chake kina mfumo wa kisasa wa kompyuta wa kupanga matengenezo, na mfumo upo kweli, unatoa karatasi nzuri. Nilitamani kujua injini ya akiba iliwashwa lini mara ya mwisho, na nani alitia saini. Waliopitia mgao wa umeme wa 2022 na 2023 wanaelewa kwa nini swali hilo si la uchokozi.

Wenye viwanda wengi huamini kwamba kutunza mtambo ni kuufungua kila baada ya muda fulani, kubadilisha kila kitu, na kuufunga. Imani hiyo ilibomolewa zamani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mwanabiolojia Conrad Waddington alichunguza ndege za Uingereza zilizowinda nyambizi, akakuta kwamba hitilafu ziliongezeka mara tu baada ya ukaguzi wa ratiba badala ya kupungua. Mikono iliyoingia kukagua iliacha skrubu isiyokazwa, waya uliovutwa, vumbi. Mwaka 1978 Stanley Nowlan na Howard Heap wa United Airlines waliandika kwamba katika vipuri vya ndege walivyovichunguza, asilimia 11 tu vilionyesha kuchoka kwa umri. Vilivyobaki viliharibika bila kufuata kalenda, na vingi zaidi viliharibika vikiwa vipya. Kiwanda cha unga si ndege, sawa. Lakini fundi yeyote wa zamani anajua kisa cha pampu iliyokuwa ikienda vizuri mpaka ilipofanyiwa sevisi.

Kinachosaidia zaidi ni kuusikiliza mtambo. Beringi haifi kwa ghafla: hutetemeka kwanza, kisha hutoa kelele na kupata joto, kisha ndiyo hufa. Kipimo cha mtetemo kinaweza kuigundua wiki nyingi kabla. Kiwanda kisichokuwa na kifaa hicho kina mkono wa mwendeshaji na sikio lake, na hapa Wajapani walituwahi. Tangu 1971 Seiichi Nakajima alieneza mfumo ambao mwendesha mashine mwenyewe anasafisha, anatia grisi, anakaza nati na kuandika alichokiona, badala ya kukaa akimngoja fundi. Kusafisha kwao ni kukagua. Ufa hauonekani chini ya mafuta yaliyoganda. Katika karakana zetu bango la usipoziba ufa utajenga ukuta limebandikwa vizuri kabisa, na ukienda stoo unaambiwa grisi imeisha tangu mwisho wa mwezi.

Stoo ndiyo moyo wa jambo hili, ingawa hakuna anayeipigia picha. Mkaguzi wa hesabu akiingia anaona giaboksi iliyokaa miaka sita bila kutumika, anaiandika kuwa mtaji uliolala. Anataka iuzwe. Hajui kwamba kuiagiza upya ni miezi kadhaa ya kusubiri kiwandani Ulaya au China, kisha meli, kisha forodha, na kiwanda kimesimama siku zote hizo. Kwa upande wa pili, stoo hiyohiyo imejaa mikanda ya mashine iliyouzwa zamani na beringi zilizotunzwa mahali pa unyevu hadi zikashika kutu ndani ya boksi. Mtunza stoo mwenye uzoefu anajua kipi ni bima na kipi ni takataka. Mara nyingi analipwa kama mlinzi.

Na tatizo la stoo nalo hurudi kwenye siku ya kuchagua. Viwanda vyetu vya miaka ya 1970 vilikuja kila kimoja na mfadhili wake, na kila mfadhili na mashine za kwao, vipimo vya kwao, hata nati za kwao. Mfadhili alilipia jengo na mitambo kwa furaha. Vipuri vya mwaka wa sita havikuwa na utepe wa kukatwa, kwa hiyo havikuwa na mfadhili. Kati ya watu wa viwanda kuna kipimo kinachotumika sana, kwamba matengenezo ya mwaka yagharimu kama asilimia 2 hadi 4 ya thamani ya kuununua mtambo upya. Ningependa kuona tarakimu hiyo ikitajwa kila kiwanda kinapotangazwa, ikae sentensi moja na idadi ya ajira zitakazopatikana. Tulikuwa na kampeni ya kila mkoa kujenga viwanda 100. Sikumbuki kusikia mkoa ukiulizwa utakuwa na mafundi wangapi wa kupanga shafti.

Sasa macho yako Kwala, Kibaha, ambako eneo la viwanda linakua karibu na reli ya kisasa na bandari kavu. Napenda chaguo hilo. Kabla hatujashangilia, kamati zinazopokea wawekezaji ziongezewe viti vitatu: fundi mkuu aliyewahi kuendesha kiwanda cha aina hiyo, mtunza stoo, na mtu wa majitaka. Waulize wanavyotaka. Maji ya kupoza mitambo yatatoka wapi mwezi wa Oktoba? Laini ya umeme ni moja au mbili? Korongo linapitia wapi masika yakizidi? Karakana ya kuchonga shafti iliyo karibu ni ipi, na inafungua Jumapili? Vijana wa vyuo vya ufundi vya VETA waletwe wakati mitambo inafungwa, waione ikiwa wazi, kwa sababu hawatapata tena nafasi hiyo mpaka kitu kivunjike.

Viwanda vya sukari vina ratiba ambayo wengine wangeiiga. Masika yakianza, miwa haikatiki vizuri, matrekta yanazama, kiwanda kinasimama. Ndipo vinu vinafunguliwa, roli zinatolewa na kuchongwa upya, mirija ya boila inapimwa unene, giaboksi zinamwagwa mafuta. Ni wiki chache za kazi ngumu, na kila mwaka bei ya sukari ikipanda hutokea mtu ofisini anayetaka zipunguzwe. Hesabu yake ni sahihi kwa robo mwaka ile. Basi akipunguza, aandike kwenye daftari la karakana, kwa jina lake na tarehe, ni roli zipi hazikufunguliwa na mirija ipi haikupimwa, ili msimamizi wa zamu ya usiku mwezi wa Septemba ajue simu ampigie nani.